Nilivyokwenda Juba Kumchagulia Yusuf Vitabu vya Parachuti

Mwanangu Hassan hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Ana duka la jumla mjini Juba, na kwa kawaida habari zake ni unga, sukari na hali ya barabara. Ijumaa ile hakutaja hata kimoja.

"Baba, mjukuu wako anataka kwenda pwani ya Kenya kujifunza kuruka kutoka kwenye ndege. Nimemkataza. Anasema wewe ukimkataza atatii. Mimi hanisikii."

Yusuf, mjukuu wangu huyo, hupakia mizigo ya chakula uwanja wa ndege, ile inayoangushwa kutoka angani mahali ambapo gari halifiki. Nadhani huko ndiko alikopata wazo hilo.

"Mimi siruhusu wala sikatazi nisichokisoma," nikamjibu. "Anajifunza kwa vitabu gani?"

Hassan akaguna. "Vitabu anavyo, Baba, na simu yake imejaa video. Kosa lako hilo, ulimfundisha kupenda kusoma."

"Basi asiondoke. Nakuja kuviona."

Nimefundisha madrasa hapa Eldoret tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Kwetu sisi mwanafunzi hasomi kitabu peke yake. Hukisoma mbele ya mwalimu, na mwalimu naye alikisoma mbele ya mwalimu wake. Ukimkuta mtu ana elimu, swali la kwanza ni: umesoma kwa nani? Niliondoka nyumbani na swali hilo moja, nikiwa nimeazimia kwamba Yusuf asipokuwa na jibu, harukii popote.

Asubuhi ya safari niliswali alfajiri, nikapanda basi la Kampala. Malaba, mpakani mwa Uganda, tulishuka kugongewa pasi mihuri, tukapanda tena. Kutoka Kampala kuelekea Gulu niliketi karibu na mama mmoja aliyekuwa akiwapelekea wanawe miche ya maembe, akaniuliza naenda kufanya biashara gani. Nilipomweleza akasema, "Mzee, huyo mtoto umfunge kamba." Nilimshukuru kwa ushauri wake.

Nimule, mpakani, jua lilikuwa kali na foleni ndefu. Kijana wa mihuri aliniona nimesimama na fimbo, akanivutia kiti. Mungu amlipe. Kutoka hapo lami inapita kwenye vilima na vizuizi vya ukaguzi, na kila tuliposimamishwa nilitumia nafasi hiyo kunyoosha magoti na kumshukuru Mola kwa kipande tulichomaliza.

Jioni ya siku ya pili tulifika Gumbo, ambako maduka ya mabati na mafungu ya mkaa yamejipanga kando ya barabara, tukavuka daraja la Nile na kuingia mjini. Hassan alinipokea kituoni akanipeleka kwake Atlabara. Yusuf alikuja kunibusu mkono. Amekuwa mrefu kuliko baba yake.

"Babu, umekuja kunikataza?"

"Nimekuja kusoma. Leta vitabu."

Akaniletea viwili. Cha kwanza kilikuwa na jalada la kijani lililofifia, kitabu cha mafunzo ya askari wa miavuli wa zamani. Alikinunua soko la Konyo Konyo kwa askari mstaafu, na alikipenda kuliko vyote kwa sababu kilikuwa na michoro. Cha pili kilikuwa kisa cha mrukaji mmoja na maajabu yake. Kisha akanionyesha video: watu wakijirusha kutoka majabalini, watu wenye mavazi ya mabawa, na nyingine za ajali tupu, zimewekewa muziki kama harusi.

"Hizi nazo umesoma kwa nani?"

"Kwa simu, Babu."

Hassan, aliyekuwa akimimina chai, akacheka mpaka ikamwagika kwenye sinia.

Siku iliyofuata, baada ya swala ya adhuhuri, nilikwenda stoo ya duka kuwaona wakijizoeza. Nasema kuwaona kwa sababu Yusuf ana mwenzake kazini aitwaye Poni, binti Mkristo aliyekulia uhamishoni Uganda, sasa anaishi na mama yake Gumbo. Wote wawili walikuwa wamekwisha kubaliwa katika shule moja ya kuruka. Walilala kifudifudi juu ya magunia ya unga, tumbo limebonyea, mikono na miguu juu, kama watu wanaoelea.

"Sheikh, salaam," Poni akasema bila kuinua kichwa. "Mimi iko angani sasa hivi, siwezi salimia vizuri."

"Endelea kuanguka, mwanangu."

Nikawatazama. Halafu nikasema ghafla, kama ninavyofanya darasani, "Vuta!"

Mkono wa Yusuf ulikwenda kifuani. Mkono wa Poni ulikwenda nyuma, chini ya kiuno upande wa kulia. Wakatazamana.

"Wewe unakuna nini huko?" Yusuf akamtania.

"Na wewe unatafuta kalamu ya mfukoni?" Poni akajibu. "Kitabu ya shule inasema nyuma."

"Kitabu gani ya shule?"

"Ile walituma kwa simu. Wewe hujasoma?"

Yusuf alikuwa hajakisoma. Hakikuwa na michoro ya kupendeza, akaniambia, na maneno yake ni makavu.

Nilikaa juu ya gunia. Sijui lolote kuhusu ndege, lakini kosa la namna hii nalijua sana. Mtoto akihifadhi aya vibaya peke yake, akairudia mpaka ulimi umezoea, kumsahihisha ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya. Ukimwuliza taratibu atasoma sawa. Ukimshtua, ulimi unarudi kwenye kosa. Na huyu wangu angeshtuliwa juu ya mawingu.

"Mpigieni mwalimu wa shule yenu," nikasema.

Alikuwa mwanamke wa pwani, sauti yake tulivu. "Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, mwanangu. Nina mjukuu anayevuta kifuani."

Akauliza, "Kakisoma wapi hicho?"

Nikamweleza habari za kitabu cha kijani. Akasema zama hizo zilikuwa na vifaa vingine. Kwa vifaa vya shule yake, kishikio cha parachuti kubwa kiko nyuma, pale alipogusa Poni. Kifuani pia kuna vishikio, lakini ni vya dharura: kimoja kinaitupa ile kubwa, kingine kinafungua ya akiba. "Akikimbilia kifuani, ataitupa parachuti ambayo hata hajaifungua. Hicho kitabu, Sheikh wangu, kifungie kabatini."

"Na video?"

"Za majabali na za ajali aziache, zinamtia ujasiri asiokuwa nao au hofu asiyoihitaji. Nitawatumia za kutua, ambazo mwalimu anasema huku unaona. Asome kitabu chetu, aje na maswali. Ila sura ya dharura asiihifadhi peke yake. Hiyo nitamfundisha mwenyewe, kavaa vifaa, nimesimama mbele yake."

Maneno hayo ya mwisho yaliniingia moyoni. Yule alikuwa mwalimu. Yusuf alikuwa amepata jibu la swali langu, ingawa alikuwa hajaanza kulitumia.

Siku zilizobaki nilikaa nao stoo. Kitabu cha kijani nilikitia kwenye mkoba wangu. Kisa cha yule mrukaji nilimwachia, akisome kama mtu anavyosoma kisa, si kama mafunzo. Video nilimwambia azifute mwenyewe, akafuta kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Kitabu cha shule tulikisoma kwa sauti, Yusuf akisoma Kiingereza na kunifasiria, Poni akimkosoa. Kila mara nilisema "Vuta!" bila kutangaza: akiwa anakula, akiwa anafunga kamba za viatu. Mkono ulikwenda kifuani, ukasimama njiani, ukarudi nyuma. Nilimrudisha mwanzo, polepole. Hakukasirika, na mimi sikuchoka.

"Babu, hata usingizini utanivutisha?"

"Ukilala kifudifudi, ndiyo."

Hassan bado alikuwa na wasiwasi. Tukiwa kwenye chai aliniuliza, "Baba, unamruhusu?"

"Kwa sharti. Akifika, kabla ya somo lolote, amwambie mwalimu wake: nilijifunza vibaya, mkono wangu una kosa. Mwanafunzi akificha alikosoma, mwalimu atajenga juu ya ufa."

Hassan akakubali kwa kichwa, akaniongezea sukari nisiyoihitaji.

Asubuhi ya kurudi, Yusuf na Poni walinisindikiza kituoni. Nilimwekea mjukuu wangu mkono kichwani nikamwombea. Poni akainamisha kichwa naye. "Na mimi, Sheikh. Mungu ni mmoja, na kule juu tutakuwa karibu yake." Nikamwombea.

Basi lilipoanza kutembea, Yusuf akawa anapunga mkono. Nilitoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Vuta!"

Mkono ulishuka, ukasita kidogo mbele ya kifua, kisha ukaenda nyuma. Abiria walicheka. Mimi kule kusita kulinikaa rohoni mpaka Nimule, mpaka Gulu, mpaka nyumbani. Kila baada ya swala nilikutaja kwa jina mbele ya Mwenyezi Mungu.

Nilichojifunza ni hiki: kumchagulia mwanafunzi kitabu hakumaliziki kwenye rafu. Lazima uone mkono wake umekisoma vipi.

Majuma yalipita. Kisha Yusuf akanitumia video, na chini yake akaandika: "Nilimwambia kama ulivyosema, Babu. Alinizuia chini siku mbili zaidi." Wajukuu walinizunguka kutazama. Wakaona bahari, wakaona mawingu, wakamwona kaka yao katikati ya walimu wawili, mashavu yakipepea, wakapiga vigelegele.

Mimi nilitazama mkono wa kulia tu. Haukusita.