Shuka la Harusi la Poliksena

Msinisifie ile bendera ya darajani. Kitambaa chake nakijua, kilitoka kwenye kasha la jirani yangu Poliksena, mjane, mwoka mikate, mwanamke mwenye ulimi wa upupu. Lilikuwa shuka lake la harusi. Siku tuliyosikia kwamba wakubwa wa Ulaya wamekubaliana mji wetu wa Arta utoke kwa Sultani wa Waturuki uwe wa Ugiriki, alilikata, nusu akaitia rangi ya buluu, tukakaa mlangoni pake tukishona na kucheka. Nikamwambia, we mama, utazikwa na nini? Akanijibu atazikwa na uhuru.

Hakuna aliyetuambia kuwa mpaka utapita mtoni. Mji ukawa wetu, ng'ambo ikabaki ya Sultani, na ng'ambo ndiko alikolala Lambro, mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa homa kijijini kwa wajomba zake kabla ya hayo yote. Kwetu maiti haachwi kaburini milele. Ikitimu miaka mitatu, mama hufukua mifupa, akaiosha kwa divai, akaileta kanisani ikae na ya baba zake. Asipofanya hivyo, sisi tunaona hajamaliza kuzaa.

Asubuhi miaka mitatu ya Lambro ilipotimia, Poliksena alichemsha ngano ya sadaka ya kumwombea marehemu, akaiacha kwa kasisi, tukavuka. Tulifukua, tukaosha, akabusu paji la fuvu, akafunga yote katika mfuko mweupe na kuukumbatia kifuani. Wakati wa kurudi, hatujamaliza hata kushuka daraja upande wetu, ofisa mmoja wa forodha aliyeletwa kutoka Athene akatusimamisha.

"Una nini humo, bibi?"

"Mwanangu."

Akadhani anachezewa, akaufungua mwenyewe. Nilimwona akibadilika rangi, nikafikiri sasa atapiga ishara ya msalaba atupishe. Wapi! Alijifuta mikono, akasema maiti kutoka nchi ya kigeni haingii bila kibali cha karantini.

"Ya kigeni?" Poliksena aliuliza. "Nimemzaa pale, nyumba ile yenye mtini. Unaiona?"

"Lakini alifia ng'ambo, mama."

"Alipokufa hapakuwa na ng'ambo."

Sheria ni sheria, akasema. Mgiriki mwenzetu! Watu tuliowaombea waje tangu tuko wadogo! Nikaanza kumtukana, lakini Poliksena alinishika mkono. Alikuwa anatazama juu ya kichwa cha ofisa, kwenye mlingoti wa bendera.

"Shuka lile ni langu," alisema taratibu. "Niteremshie nimfunike mwanangu."

Ofisa akacheka, kisha akaona mtu hatanii. Hakuteremsha kitu.

Poliksena akafunga mfuko wake, akanipa ufunguo wa nyumba, akageuka kurudi ng'ambo. Askari wa Sultani, ambaye tumemlaani miaka nenda miaka rudi, alimfungulia kizuizi bila kumuuliza neno, akainamisha kichwa mpaka mama yule akapita. Mimi nilirudi mjini na ufunguo wake mkononi. Ngano ya sadaka tuliila sisi majirani.

Yuko huko mpaka leo, anaoka mikate karibu na mwanawe. Majuzi upepo ulipasua bendera pembeni, watu wa forodha wakaja kwangu niishone, maana wamesikia nilikuwa na mkono wangu humo. Nimewaambia fundi wake yuko ng'ambo, wakamtafutie kibali.