Masale Nyuma ya Kanisa Dogo

Juzi jirani yangu hapa Njoro, Moshi mjini, aliyeyusha vipande vya mishumaa kwenye kopo, akatia mafuta ya taa, akaanza kusugua sakafu yake ya saruji. Harufu ilipita chini ya mlango na kunikuta kwenye cherehani. Niliacha kushona. Nilikuwa tena na miaka tisa, nimepiga magoti katika kanisa dogo la kijijini kwetu, juu ya mji wa Mkuu kule Rombo, kitambaa mkononi, na Bibi yuko nyuma yangu akisema, "Sugua, Oliva. Malaika wakiteleza, shauri lao."

Kanisa lile lilijengwa na wamisionari enzi za Wajerumani, kabla Bibi hajazaliwa. Kuta zake zilikuwa za mawe meusi ya mlimani, nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani. Popo walikaa juu ya dari. Kengele ilikuwa na ufa, ikilia kama sufuria iliyogongwa na mwiko. Kilikuwa kigango tu. Padre alipanda kwetu mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine katekista ndiye aliyetuongoza.

Ufunguo alikuwa nao Bibi. Ulikuwa wa chuma, mrefu kama kiganja, naye aliufunga kwa kamba kiunoni chini ya kanga, ukimgonga paja kila hatua. Bibi alikuwa mjane, hakujua kusoma, na kihamba chake cha migomba kilikuwa kidogo. Lakini alipopita njiani watu walisema, "Mama wa kanisa huyo." Heshima yake yote ilining'inia kwenye ile kamba.

Kila Jumamosi, tukimaliza sakafu, alikwenda nyuma ya kanisa kupunguza majani makavu ya masale. Isale ni mmea wa majani marefu ambao kwetu hupandwa mipakani, na tena pale walipolala wafu. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake lililofungwa fundo, hata kama moyo wako unawaka, huwezi kumkatalia msamaha. Pale nyuma ya ukuta palikuwa na masale manne tu, yamesimama karibu karibu. Mimi nilidhani ni mpaka wa zamani. Kila mtu alidhani hivyo.

Lazima niwaeleze jambo lingine ili mtuelewe. Miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Baba mdogo Prosper, mtoto wa mwisho wa Bibi, aling'oa mibuni yote ya marehemu babu akapanda nyanya, na nyanya zikaliwa na ugonjwa. Basi yeye na wenzake walishinda kwenye kilabu cha pombe ya mbege wakizungumza habari moja: dhahabu ya Wajerumani. Walisema Wajerumani walipokimbia vita walifukia mali chini ya majengo yao, wakaacha alama ili wajukuu wao waje kuichukua. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyechimba chini ya nyumba kuukuu kule Himo na sasa ana lori. Mwenye lori mwenyewe hatukuwahi kumwona. "Mzungu hapotezi kitu," Prosper alipenda kusema. "Anakiweka tu."

Ndipo akaja Bwana Elirehema na futi yake ya chuma, ile inayojikunja yenyewe kama kinyonga anavyorudisha ulimi.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa. Alisema anaandika kijitabu cha makanisa ya zamani. Ya Moshi mjini alikuwa ameyamaliza, sasa anapanda vijijini, ili wageni wanaokuja kupanda mlima wajue kwamba hata huku chini kuna vitu vya kutazama. Vijana walimzunguka mlangoni.

"Mzee, wewe ni wa dhehebu gani?"

"Mlutheri. Kwetu ni Machame."

Wakacheka. "Mlutheri! Kwani kwenu makanisa yamekwisha?"

"Ya kwetu nimeshayapima," akajibu. "Sasa nimekuja kuwapima ninyi."

Alicheka peke yake.

Nilimsalimia shikamoo, kisha sikumwachia hata hatua moja. Nilikuwa mtoto wa kimya. Nikiulizwa jina nilitazama miguu yangu. Lakini aliyefunga mdomo macho yake hayana kazi nyingine. Nilimwona akigonga sakafu kwa kisigino, akisikiliza. Alikwangua kuvu kwenye jiwe la karibu na mlango, chini yake ikatokea mikwaruzo, naye akainakili kwenye daftari taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Alama, nikajisemea.

"Mama, hapa chini pana nini?" alimwuliza Bibi.

"Udongo," Bibi alisema.

Lilikuwa jibu fupi mno. Tangu hapo nikaanza kumchunguza Bibi pia.

Alikuja mara tatu. Mara ya tatu nilijificha kwenye mbuni mmoja uliobaki pembeni ya kanisa, hatua kumi hivi kutoka kwenye masale, siafu wakinitembea mguuni. Bibi, ambaye na wageni hakuzungumza zaidi ya hali ya hewa, alimchukua yule mzee hadi nyuma ya ukuta. Alionyesha ardhi katikati ya masale manne. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Bwana Elirehema alivua kofia. Kisha akapima kutoka ukutani hadi pale, akaandika, akachana karatasi moja, akaikunja na kumpa. Bibi aliitia kifuani haraka, akatazama huku na huku.

Hivyo ndivyo wezi wanavyotazama, nikasema moyoni.

Jioni hiyo Prosper alikuta nimekaa kimya kuliko kawaida yangu, akaniuliza nimeona nini. Sijui ningesema kama angeuliza kwa ukali. Lakini alinipakulia kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye sahani ya wageni, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu kama mtu anavyokaa mbele ya mtu mzima. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kusubiri maneno yangu. Nikayatoa yote: mahali, kofia, vipimo, karatasi.

"Mama ameuza kanisa," alisema polepole. "Kwa Mlutheri!"

Jumapili, ibada ilipokwisha, katekista hakutoa baraka mara moja. Alikohoa. Alisema kuna maneno yanazunguka, na kwa ajili ya amani ya kigango ingefaa ufunguo ukae kwake kwa muda. Watu wote waligeuka kumtazama Bibi. Nilitegemea afoke, au akane. Alisimama tu, akaingiza mkono chini ya kanga, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa fundo la miaka mingi na vidole vyake vilikuwa vinene. Tulisubiri. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Hatimaye alikwenda mbele, akauweka ufunguo mezani, akarudi kwenye benchi lake na kukaa. Hakuniangalia. Nilijiambia, ana aibu kwa sababu ni kweli.

Wengine walitoka. Prosper na wenzake watatu walikuwa wameficha majembe migombani. Waliyachukua wakazunguka nyuma mchana huohuo, na mimi nikawafuata, maana niliona mali ile ni yangu pia kidogo. Prosper aling'oa masale kwa mikono, moja baada ya jingine, kama alivyong'oa mibuni ya babu. Wakachimba. Udongo ulikuwa mweusi, laini, ukinuka mvua ya zamani. Walipofika kina cha goti, jembe likagonga jiwe bapa.

"Alama!" mmoja akapiga kelele. "Si niliwaambia?"

Bibi alikuwa bado ndani, kwenye benchi. Aliusikia mlio ule kupitia ukuta. Alitokea kwenye kona akishikilia mawe ya ukuta, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Jiwe hilo aliliweka baba yako, Prosper. Chini yake kuna kaka yako."

Majembe yakasimama.

"Aliishi siku mbili," alisema. "Mvua ilinyesha, njia zikakatika, padre alikuwa mbali. Alikufa hajabatizwa, na miaka ile mtoto wa hivyo hakuzikwa pamoja na wengine. Wakaniambia mpeleke migombani. Mimi nilitaka asikie nyimbo. Basi tulimleta hapa, baba yako na mimi, watu wakiwa ndani wanasali. Kama unataka kumwona, inua jiwe."

Prosper aliliweka jembe chini polepole, kana kwamba lingeweza kumwamsha mtu. "Sikujua nina kaka," alisema.

"Hukuuliza. Wewe uliuliza dhahabu tu."

Wale watatu waliondoka bila kuaga. Prosper alipiga magoti akaurudisha udongo kwa viganja, mpaka shimo likajaa. Kisha akachukua isale moja kati ya yale aliyoyang'oa, akakata jani, akalifunga fundo, akamletea mama yake kwa mikono miwili, matope hadi kwenye viwiko. Alikuwa analia wazi, mwanaume mzima.

Bibi alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Kwa desturi hakuweza kulikataa. Lakini hakulipokea bado.

"Mwenye nyumba hujamrudishia mlango wake," alisema, akiyaonyesha masale yaliyong'olewa. "Panda kwanza. Halafu uje kwangu."

Aliyapanda yote manne, akayashindilia kwa kisigino, akakata jani jipya. Ndipo Bibi akalipokea.

Siku ya pili katekista alileta ufunguo nyumbani. Bibi alimwambia auweke tu mezani, nao ulilala pale juma zima, karibu na chumvi, hakuna aliyeugusa. Jumamosi aliuchukua, akaniita, akaufunga kwenye kiuno changu. Ulikuwa wa baridi.

"Leo fungua wewe."

Nilisubiri kofi. Niliamini ni mtego, kwamba tukifika ndani ataniuliza nani aliyesema. Hakuuliza. Nilipokuwa nasugua sakafu alisema tu, kama anayezungumza na benchi, "Una macho mazuri. Yasiharibike kwa kazi mbaya." Nami nikasugua mpaka vidole vikaniuma.

Bwana Elirehema hakurudi tena. Wale vijana walikuwa wamemtisha njiani. Sijui kama kanisa letu liliingia kwenye kijitabu chake.

Bibi yangu, Melania, alifariki mwaka juzi. Katika kopo la biskuti alimoweka rozari yake niliikuta ile karatasi, imelainika kama kitambaa. Miaka yote niliifikiria kama ramani, na kwa kweli ilikuwa ramani. Kanisa limechorwa kwa mistari minyoofu, na nyuma ya ukuta kuna vistari vinne na msalaba mdogo. Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka ule kigango kilikuwa kinazungumza habari ya kujenga ukumbi upande wa nyuma, na Bibi hakuwa na mtu anayejua kuandika ambaye angeweza kumwamini, ila mgeni. Chini, kwa mwandiko wa mwalimu, pameandikwa: "Hapa amelala mtoto wa Melania. Pasijengwe. Mimi nikiwa sipo, mjukuu wangu Oliva atapaonyesha."

Nimeisoma mara nyingi sentensi ile ya mwisho. Alipokuwa anamwambia mzee yule aandike jina langu, mimi nilikuwa hatua kumi tu, nimejificha kwenye mbuni, nikimwita mwizi.

Jani langu sikumpelekea kamwe. Nilikuwa mtoto, nikaogopa. Nilipokua, nikaona haya. Ukumbi ulijengwa upande wa mashariki, na masale sasa yananipita urefu. Nikipanda Rombo mara nyingine nawakuta wageni wanapiga picha mawe meusi na kuicheka kengele yetu. Nawasubiri wamalize. Kisha nasema, kwa sauti yangu hii ndogo, "Kuna mahali pengine pa kuona," nao wananifuata nyuma ya ukuta.