Siku Niliyoigeuza Bundu Kuwa Jiwe

Kosa ni langu, nalikiri mapema kabla hamjalisikia kwa wengine: mimi, niliyelishwa bundu kule Bwera hadi shingo ikanenepa, nimewafundisha watoto wa shule kwamba bundu ni jiwe.

Siku hizi naishi Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese. Mke wangu anauza vitenge sokoni, mimi nalinda kiti nyumbani. Elimu yangu iliishia sekondari, lakini najua kuchora kwenye kompyuta, kwa hiyo kampuni moja ya Kampala hunipa kazi ya kutengeneza maswali ya Kiswahili ya darasa la kwanza. Swali linasomwa kwa sauti, picha nne zinatokea kwenye tableti, mtoto anagusa moja. Akipata, anapigiwa makofi. Akikosa, inatokea X nyekundu na chura analia.

Swali lilikuwa "Gusa chakula". Nikachora bundu, lile bonge la unga wa muhogo, la kahawia, linang'aa, mvuke juu yake. Msimamizi wangu, kijana ambaye nadhani hajawahi kushika mwiko, akapiga simu: "Mzee, hii inafanana na jiwe. Weka mkate, mkate kila mtu anajua." Nikasema ndiyo. Mkate ukawa jibu. Na kwa kuwa kwenye majibu ya kukosa kulitakiwa jiwe, nami ni mvivu, nikafuta ule mvuke tu na kuiacha bundu pale pale. Jiwe likapatikana.

Ninyi wa rika langu mnaijua bundu. Mama alikaa chini, akabana sufuria kwa miguu, akasonga hadi jasho likamtoka puani, na sisi tumemzunguka tukinusa sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki wa Katwe waliokaushwa kwa moshi. Tulikuwa tumetoka kuteleza mlimani juu ya magogo ya migomba, kaptula zimejaa utomvu usiotoka kwa sabuni yoyote. Aliyekunja uso mbele ya sahani aliambiwa neno moja: "Basi lala. Kesho itakuwa tamu." Na kweli, kesho ilikuwa tamu. Mkate? Mkate tuliuona Krismasi, tukagawana vipande vya kulamba kama dawa.

Shuleni hatukuwa na picha. Mwalimu wetu alitandika jani la mgomba mbele ya darasa, akapanga vitu: mahindi, kuni, buni, mawe, yai. Akiuliza, unakwenda kuokota jibu kwa mkono wako. Siku moja alisema, "Nileteeni kitu cha kupikia." Wote tukakimbilia kuni. Thembo, mdogo kuliko wote, akaja amekumbatia jiwe. Tulicheka hadi benchi likaanguka. Mwalimu hakumrudisha. Akauliza, "Kwa nini jiwe?" Thembo akajibu, "Mwalimu, sufuria itakaa wapi?" Mwalimu akapokea kuni, akapokea na jiwe.

Hilo ndilo linalonichoma. Tableti haiulizi kwa nini. Ina chura tu.

Jana nilimpa binti yangu Masika, wa miaka sita, ajaribu. Akagusa bundu. Chura. Akaniangalia, akagusa tena kwa nguvu kama anayebisha hodi. Chura. Akagusa mkate, akapigiwa makofi, akacheka. Mchana nikasonga bundu mwenyewe. Akasukuma sahani.

"Baba, hii ni jiwe. Tableti imekataa."

Nilitaka kumwambia lile neno la mama yangu, nikaishia kuivuta sahani upande wangu. Mama hakuwahi kutuambia kwamba chakula chake si chakula.

Nikampigia yule kijana. Akasema maswali yameshaingia kwenye tableti za shule, kutoka Kasese hadi Bwera, yatarekebishwa muhula ujao. "Mzee, ni picha tu." Picha tu! Nilifoka hadi kuku wakahama ua. Nikamwambia wako watoto huku ambao mlo wao wote ni hiyo bundu, na leo shule imewaambia kwamba mama zao wanapika mawe. Nikamwambia, "Ni wewe uliyetaka mkate!" Akakata simu. Nikaendelea kufoka, simu imekatika.

Enzi zile ukikosa jibu, mtu mzima alikutazama usoni akataka kujua umewaza nini. Watoto wa leo wamepewa kioo cha kugusa, na nyuma ya kioo hakuna mtu. Yuko mvivu mmoja wa Rukoki aliyefuta mvuke.

Mama Kabugho, jirani yangu aliyetoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, amesikia yote. Alisubiri nivute pumzi, kisha akasema:

"Baba Masika, ule kijana alikuomba mukate, na weye ukasema ndiyo. Sasa makelele ni ya nini? Mutoto iko na njaa."