Nobuyo na Mama Mkwe Ndani ya Lifti

Nobuyo alikuwa mke wa mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, katika mji mdogo wa milimani huko Tottori, na tangu aolewe hakuwahi kulala mahali ambapo kikohozi cha mama mkwe wake hakimfikii. Ndivyo nyumba ilivyojengwa: duka mbele, jiko la kuchemshia soya katikati, vyumba nyuma, na kuta nyembamba zisizositiri chochote. Alfajiri alisaga soya, asubuhi aliuza, mchana alimwogesha mama mkwe, jioni aliloweka soya ya kesho. Bi Fusae, mama mkwe huyo, alipovunjika nyonga, kazi ya kumwogesha, kumpa dawa na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu ilimwangukia Nobuyo. Hakuna aliyekaa kitako kuamua hivyo. Siku moja alishtuka tu kwamba hakuna mwingine anayeinuka bibi akiita.

Kwa hiyo Kazumasa, mumewe, alipotangaza kwamba wiki ya sikukuu za Mei watafunga duka waende kutembea Osaka, familia nzima, Nobuyo alifurahi kama mtoto. Alimuuliza binti yao Chinatsu, aliyekuwa anamaliza sekondari, watu wa Osaka wanavaaje.

"Wanavaa nguo, mama," Chinatsu akajibu, macho hayatoki kwenye simu.

Siku ya kwanza tu furaha ilimwisha. Kazumasa alitaka kuona kila kitu, na alitembea mbele kwa hatua za mtu anayewahi treni. Kwenye mtaa wa Dotonbori watu walijaa hadi pumzi zikagongana. Chinatsu alipiga picha mabango makubwa na kaa wa plastiki anayechezesha miguu juu ya mlango wa mkahawa, baba yake akanunua vidonge vya unga vyenye pweza ndani, vya moto kweli, wakavila wakicheka huku wakipuliza midomo. Nobuyo alikuwa nyuma, mikono yote miwili kwenye vishikio vya kiti, anaomba njia. Osaka aliyoiona yeye ilikuwa ya migongo ya watu na mabegi yao.

"Punguza mwendo," Bi Fusae alisema. "Unanipeleka machinjioni?"

Akapunguza.

"Sasa unasinzia? Hadi konokono wanatupita."

Hotelini Kazumasa alikuwa amechukua vyumba viwili. Yeye na Chinatsu walilala kimoja kwa sababu, alisema, mama huenda akamhitaji Nobuyo usiku. Chumba cha Nobuyo na mama mkwe kilikuwa chembamba, vitanda vimebanana. Nobuyo alivuta pazia ili angalau auone mji, akakutana na ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi cha kuugusa. Nyuma yake Bi Fusae akakohoa. Nobuyo akarudisha pazia mahali pake.

Siku ya pili walikwenda kwenye mnara mrefu wa kutazamia mji. Foleni ilizunguka ukumbi wote wa chini. Walipokaribia lifti, Bi Fusae akasema anataka choo.

"Juu vipo, mama," Kazumasa akasema. "Tukitoka hapa tunapoteza nafasi." Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Chinatsu, sisi tunatangulia kushika nafasi dirishani. Nyie mtakuja na inayofuata."

Wakatangulia. Nobuyo akaingiza kiti kwenye lifti iliyofuata pamoja na mzee mmoja wa Osaka mwenye kofia ya besiboli, mkewe, na kijana na mchumba wake. Milango ikafungwa, lifti ikapanda kwa kasi inayoziba masikio, halafu ikatikisika na kusimama.

Walisubiri. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kipaza sauti, ikiomba radhi sana. Hakuna hatari, ilisema. Fundi yuko njiani. Tafadhali mtulie.

"Njiani kutoka wapi?" mzee wa kofia akakiuliza kipaza sauti. "Hokkaido?"

Mkewe akamfinya. Kijana akacheka kwa woga. Mchumba wake alikuwa ameshaanza kuhesabu pumzi zake.

Jambo la ajabu lilimtokea Nobuyo. Mabega yalimshuka. Hapakuwa na njia ya kuomba wala mahali pa kukimbilia, na mumewe hakuweza kumpungia mkono aharakishe. Aliegemea ukuta wa chuma, akafumba macho, akajisikia kupumzika kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. Ndipo wazo likamchoma: ni maisha gani haya, ambayo mtu anapumzika kwa kukwama kwenye lifti? Sasa alitaka kutoka, tena si kwenye lifti peke yake.

"Nobuyo." Bi Fusae hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. Alikuwa ameshika mkono wa kiti kwa nguvu. "Siwezi tena."

"Jikaze kidogo, mama. Fundi anakuja."

"Nimekwambia siwezi."

Lifti nzima ilisikia, na lifti nzima ikajifanya haikusikia. Kipaza sauti kikaomba radhi tena. Mke wa mzee ndiye aliyeonyesha kwa kidevu kabati dogo la pembe tatu kwenye kona, lile ambalo watu huliegemea bila kuuliza lina nini. Mzee akalifungua. Ndani mlikuwa na chupa za maji, tochi, na choo cha dharura cha kukunja chenye mifuko yake.

"Haya, wanaume," mzee akasema, "ukutani! Na wewe kijana, nasema nawe. Hata mimi mwenyewe sijitazami."

Wakageuka wote. Mke wa mzee na yule mchumba wakatandaza makoti yao kama pazia. Nobuyo alikunjua choo, akamkumbatia mama mkwe kifuani, akamwinua kama alivyomwinua kila siku bafuni. Lakini bafuni Bi Fusae hutukana. Hapa alikuwa mwepesi na alitetemeka, uso ameuficha kwenye shingo ya Nobuyo.

Haja haikuja. Kimya kilikuwa kimezidi.

Mzee akakohoa, kisha, uso ukiwa ukutani, akaanza kuimba wimbo wa kushangilia timu yake ya besiboli, kwa sauti kubwa na mbaya mno. Kijana akaudaka. Mke wa mzee naye akaingia, akipiga mguu sakafuni. Waliimba hadi ukuta ukavuma, na chini ya kelele hiyo Bi Fusae akapata nafuu.

Nobuyo alimpangusa, akamvalisha, akafunga mfuko mafundo mawili. Alipomrudisha kitini, bibi alimvuta sikio karibu na mdomo.

"Ukimwambia Kazumasa, sitakusamehe."

Hakusema ahsante. Nobuyo hakuitarajia.

Lifti iliposhushwa na milango kufunguliwa, Kazumasa alikuwa ameshashuka kwa lifti nyingine na anawasubiri chini, uso mwekundu. "Mmekosa kila kitu! Hadi milima ilionekana. Na ratiba yote imeharibika."

Jioni waliketi kwenye mkahawa wa chapati nene za kabichi, bamba la chuma likichemka katikati ya meza. Kazumasa bado alikuwa na donge lake. "Ungemwahisha mama kwenye lifti ya kwanza," alimwambia mkewe, "haya yote yasingetokea. Kesho tunaanza mapema, ngome ya kale tunayokwenda kuiona ina ngazi nyingi."

Nobuyo alikuwa anageuza chapati. Akaweka chini mwiko wake wa chuma.

"Kesho mimi siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siendi tu."

"Sasa mama atasukumwa na nani?"

"Na wewe, baba Chinatsu."

Kazumasa alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Chinatsu aliinua macho kutoka kwenye simu. "Mama Chinatsu, usianze mambo yako hapa mbele za watu," Kazumasa akasema.

"Una mikono, Kazumasa," Bi Fusae akasema, mdomo umejaa. "Nilikuzaa nayo. Nipitishie sosi."

Asubuhi Nobuyo alitoka peke yake. Mwanzoni ilikuwa mateso. Mikono ilimning'inia bila kazi, na mara mbili aligeuka akidhani ameitwa. Alipita maduka bila kuyaona. Mwishowe akaingia kwenye bafu la umma mtaa wa nyuma, akajizamisha hadi kidevuni kwenye maji ya moto.

"Umetoka wapi, dada?" akauliza mama mmoja mnene aliyekuwa majini.

"Tottori."

"Na wenzako?"

"Nimekuja peke yangu," Nobuyo akasema. Ulikuwa uongo, na aliusema tena kimoyomoyo kuuonja.

Alipokutana nao stesheni, shati la Kazumasa lilikuwa limelowa na viganja vyake vina plasta. Bi Fusae alikuwa anamfokea kuhusu mawe ya ngomeni. Kazumasa akampa mkewe vishikio vya kiti, naye akavipokea. Treni ilikuwa inaingia.

Nyumbani soya haikujisaga yenyewe. Nobuyo aliamka alfajiri ileile, na kikohozi kilipenya ukuta uleule. Chinatsu alipomaliza shule alikwenda kusoma Osaka, na usiku wa kumfungashia mizigo Nobuyo alilia kwa wivu zaidi ya huzuni, jambo ambalo hakumwambia mtu. Lakini tangu safari ile, Jumapili mchana Kazumasa humwogesha mama yake. Humwogesha vibaya, maji humwingia masikioni, na matusi husikika hadi barabarani. Nobuyo huyasikia akiwa kwenye kituo cha basi, anakwenda kutembea peke yake, na Jumapili nyingine huliacha basi akarudi kusaidia. Nyingine hapana.

"Unarudi saa ngapi?" Bi Fusae humuuliza kila anapochukua mkoba.

"Sijui bado, mama," humjibu, na kuuvuta mlango nyuma yake.