Beki wetu Mmarekani na swali la mwandishi

Leo nimetafsiri tusi mbele ya kamera.

Timu yetu ya wanawake hapa Riyadh ilitoka suluhu na wageni kutoka Jeddah. Kwenye mkutano na waandishi baada ya mechi, mwandishi mmoja akamuuliza beki wetu Mmarekani, kwa Kiarabu: "Umezeeka, kwenu hawakutaki, ndiyo ukaja kwetu?"

Mie mkalimani nikataka kulilainisha. Beki akanisoma usoni.

"Niambie kama alivyosema."

Nikamwambia.

Akajibu taratibu: "Kila nchi niliyocheza nimeambiwa nimekwisha. Muulize mshambuliaji wa Jeddah, leo amenipita mara ngapi?"

Nikatafsiri neno kwa neno, tena kwa sauti.

Mshambuliaji mwenyewe alikuwa amekaa pale pale. Akavuta maiki.

"Hata mara moja. Halas, swali jingine."

Haya, na wewe unayemwona mzee, njoo umpite.