Siagi ya Kupeleka Ayalandi

Habari ya kifo chake ilinifikia kwenye kundi letu la simu la walinda milango ya uwanja, katikati ya ujumbe wa mtu aliyekuwa akitafuta wa kubadilishana naye shifti ya Jumamosi na ujumbe wa mwingine aliyepoteza koti lake la njano. Msimamizi aliandika kwamba mzee wetu wa lango la kaskazini amefariki kwa ugonjwa wa moyo, na kwamba watakaokwenda kanisani waseme mapema ili shifti zisivurugike. Watu wakaweka alama za viganja vilivyofumbatana. Mmoja aliweka kidole gumba kwa makosa, akakifuta. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini yule mzee nilimpenda, na siku hiyo chai yangu ilipoa mezani sikuigusa.

Alikuwa Mwayalandi. Alikuja London kijana, akachimba mitaro ya mabomba mpaka magoti yakagoma, na alipostaafu akagundua kwamba pensheni yake inatosha kodi ya chumba au chakula, achague mwenyewe. Ndipo akaja kusimama nasi langoni hapa Wembley siku za mechi na matamasha, yeye akipekua mifuko ya wanaume, mimi mikoba ya wanawake. Mechi ikishaanza hakuna wa kumpekua, kwa hiyo tulipata muda mrefu wa kuzungumza, na watu wawili walioacha kwao wakikutana London hawazungumzi mpira. Wanazungumza bei. Mimi namweleza mchele umefika wapi kwenye maduka ya Ilford, yeye ananieleza bia imefika wapi Ayalandi, tunatikisa vichwa. Kodi, umeme, nauli, vyote tulivipitia kwa zamu, tukiviulizia hali kama wagonjwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kwao na changu cha Tanga, lakini kwenye bei tulielewana vizuri sana.

Nilipoanza kumfahamu, alikuwa akienda kwao na begi tupu na kurudi nalo limejaa soseji, mikate na siagi, akituapia kwamba kwao kila kitu ni kitamu na rahisi. Miaka ikapita, mambo yakageuka. Kwao nyumba zikapanda, kisha chakula kikafuata nyumba, na hii London tunayoilaani kila siku ikaanza kuonekana ya nafuu. Siku moja nikamkuta supamaketi, kikapu chake kimejaa siagi tupu, siagi ya Ayalandi yenye picha ya ng'ombe. Nikamwuliza kama anafungua mgahawa. Akasema anampelekea dada yake, ambaye dirisha la jikoni kwake linatazama malisho ya ng'ombe haohao, kwa sababu hapa ipo kwenye ofa. Alisema bila kutabasamu. Aliporudi nikamwuliza dada alisemaje kuhusu siagi. Akasema haikufika: mtu wa forodha wa kwao alimweleza kwa upole kwamba vitu vya maziwa kutoka ng'ambo haviruhusiwi kuingia nchini.

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi, kisha nikakumbuka mwaka niliobeba korosho kutoka duka moja la Edgware Road hapa London, zimefungwa vizuri na utepe wa dhahabu, nikazipeleka Tanga. Shangazi yangu aliyenilea aligeuza pakiti, akavaa miwani, akasoma kwamba zimetoka Tanzania. Akanishukuru sana. Shangazi yangu ana adabu.

Lakini kilichomkaa mzee yule rohoni si siagi. Alitaka kurudi kwao akakae. Huyo dada yake, aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi, ndiye ndugu pekee aliyesalia, na wote wawili umri ulikuwa umekwenda. Kila Krismasi alisema mwaka unaokuja ndio huo. Chumba kipo, kitanda kipo, nyumba haina kodi. Kilichomzuia ni raundi. Kwao mtu hajinunulii bia peke yake. Anayeingia baa hununulia meza nzima, kisha wa pili hununulia meza nzima, hivyo hivyo mpaka kila mtu amezunguka. Na ukiwa umetoka London, raundi ya kwanza ni yako bila kuulizwa, na ya mwisho pia watu hukutazama wewe. Alivyokuwa kijana mwenye mshahara wa mitaro, jambo hilo lilikuwa raha yake. Alipokuwa mzee wa pensheni, na bia ya kwao imeshaipita ya London, likawa adhabu. Basi safari zake zikaanza kusinyaa. Za mwezi mzima zikawa za wiki mbili, za wiki mbili zikawa za wiki moja, mwisho akawa anakwenda Ijumaa na kurudi Jumapili, kama mtu anayekwenda kumwona daktari.

Kwa dada yake kisingizio chake kilikuwa kwamba uwanjani wanamhitaji. Kuna majira ya joto walikuwa wanabadilisha nyasi za uwanja, sote hatuna kazi, nikamkuta kwenye chumba chake juu ya duka la kinyozi amejifungia, na dada mtu kule anaamini kaka yuko kazini mchana na jioni. Nilimpelekea pilau. Nikamgombeza kidogo, maana mtu mzima naye hugombezwa. Nikamwambia aende akakae, baa asiingie, aseme daktari amemkataza pombe. Akala pilau yake taratibu, akanijibu kwamba hilo alishalifikiria. Aliyekatazwa pombe yeye hanywi, lakini raundi bado anatoa. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau.

"Nikirudi bila kutoa raundi, watasema London imenishinda. Bora waseme nina kazi nyingi."

Nalijua hilo kwa ndani. Sisi wa Tanga hatutoi raundi, tuna masanduku. Mimi mwenyewe nimewahi kuahirisha safari ya nyumbani miaka miwili mfululizo, na sababu haikuwa nauli. Nauli huwa napata. Nisichokipata ni mashati ya wajomba, manukato ya wifi, simu ya yule, viatu vya huyu, na michango ya harusi ambazo bibi harusi wake simjui hata kwa sura. Nina jirani Mkongo, anasafisha ofisi usiku na kulea watoto mchana, aliyeniambia kwamba kuliko kwenda Bukavu mikono mitupu ni heri kubaki na kutuma picha. Na mnaona hawa vijana wa Kiayalandi wanaoingia sasa, manesi na walimu? Wengine wamehama kwao kwa kukosa chumba cha kupanga, wamekuja kukikosa hapa. Nao baada ya miaka wataanza kununua raundi. Anayehama huondoka na bei za siku ile aliyoondoka, akaziweka kichwani, na waliobaki nao wanaweka kichwani mshahara wake wa siku ile aliyowaringia. Kila upande unaishi na hesabu ya zamani, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Kanisani tulikwenda watu saba wa uwanjani, na shifti hazikuvurugika. Baada ya misa tukaingia ukumbi wa pembeni kunywa chai, na hapo nikamwona dada yake, bibi mwembamba aliyevaa koti zito ingawa ndani kulikuwa na joto. Alikuwa amekuja kumchukua kaka yake. Kaburi la London halikamatiki kwa bei, na kwao shamba la makaburi lina nafasi ya familia kando ya mama yao, imelipiwa tangu enzi za babu. Kwa hiyo kifo ndicho kitu pekee kilichokuwa bado nafuu kwao, na mzee wetu alikuwa amekipata.

Nilimpa pole, nikamweleza mimi ni nani. Akanishika mkono, hakuuachia. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyelibeba swali lake tangu uwanja wa ndege, kama kaka yake alikuwa akiwaonea haya. Alisema miaka ya mwisho alikuwa akija na kuondoka kabla kitanda hakijapata joto, nao wakajua ameshazoea makubwa, nyumba yao ndogo haimfai. Ningeweza kukaa kimya. Mila zote mbili, yake na yangu, zingenisifu kwa kunyamaza. Lakini hasira ilinipanda, sijui kwa nani, nikamwambia ukweli mtupu: kwamba hakuwa na kazi nyingi wala makubwa, alikuwa na chumba juu ya kinyozi, na kila siku alitaka kurudi kwao, ila raundi zilimshinda.

Yule bibi akauachia mkono wangu.

"Baa?" akasema. "Sisi hatuendi baa. Nani ana pesa ya baa? Tulikuwa tunakwenda kwa sababu yeye amekuja."

Kisha akaniambia mengine polepole. Kwamba akisikia kaka anakuja alikuwa akipunguza makaa ya kuwasha moto wiki kadhaa kabla, ili naye apate cha kutoa zamu yake ikifika. Kwamba majirani nao walikuwa wakijikamua vivyo hivyo. Kwamba ilipofika Jumapili, kaka akisema anaondoka, alikuwa analia na papo hapo anashukuru Mungu. Alipomaliza aliweka kikombe chini, akalia kwa kweli, nami nikalia naye, ingawa niliwaambia hapo juu kwamba si tabia yangu.

Somo nililolipata ni la mtu wa kawaida, na nalitoa bure. Tunaoishi ng'ambo tunajua kulinganisha bei ya kila kitu, ya huku na ya kule, mpaka ya siagi. Hatujawahi kuwauliza wenyeji wetu kuja kwetu kunawagharimu nini. Niliporudi kutoka kanisani nilimpigia shangazi yangu Tanga. Nikamwambia nakuja likizo, nakuja na nguo zangu tu, sina zawadi ya mtu yeyote, na wakitaka kusema waseme.

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Basi safari hii sebule siipaki rangi."

Miaka yote hiyo nikiingia sebule ile naipokea harufu ya rangi mbichi, navuta pumzi, nafumba macho. Mwenzenu nilidhani ndiyo harufu ya kwetu.