Betri Namba Tisa

Kila nikisikia kipaza sauti, hata kile cha kanisani, mkono wangu hutafuta jiwe. Wanangu hunicheka. Wacheke tu. Hawakumwona baba yao, Eustaki, akitoka nyumbani asubuhi na betri ya trekta begani, gunia limekunjwa chini yake, na bado maji ya betri yakamtoboa shati na ngozi.

Ilikuwa sabini na nne, mwaka wa kuhamishwa. Tulitolewa kwetu tukapangwa mstari kwenye kijiji kipya, mbele ya kijiji cha Pito. Kule tulikotoka tuliacha ntumba zetu, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi mwaka huu zioze, ili mwakani tupande kwenye udongo uliolainika. Matuta hayabebwi kichwani. Tukafika kwenye ardhi ngumu ambayo haijawahi kuguswa na jembe, mvua imeshaanza, na tegemeo letu ni trekta moja kuukuu la kijiji na dereva mmoja, mume wangu.

Betri ya trekta lile ilikuwa imechoka tangu zamani, lakini Eustaki alikuwa na dawa yake. Kila jioni alilipandisha mteremkoni, akaliegesha likitazama chini. Asubuhi anaachia breki, linaserereka, linawaka. Wiki nzima alilima hivyo. Alianza na shamba la mjane Zita, akaendelea na mashamba ya wengine, akasema letu litakuwa la mwisho watu wasije wakasema dereva anajipendelea. Mimi nilinuna, lakini nilimwelewa.

Basi kamati ikapata habari kwamba kuna mgeni atakuja kutoka mjini kuhutubia juu ya kilimo. Wakaamuru trekta liegeshwe mbele ya ofisi, mgeni akishuka tu alione.

"Pale ni tambarare, ndugu zangu," Eustaki akawaambia. "Likizimwa pale haliwaki."

"Acha ubishi, ndugu. Hili ni trekta la kijiji, si lako," mwenyekiti akamjibu.

Likaegeshwa. Asubuhi halikuwaka. Tuliazima jozi mbili za ng'ombe kulivuta, matairi yakajichimbia kwenye tope. Na yule aliyesema acha ubishi alisimama barazani anakunywa chai!

Ndipo Eustaki akaibeba betri mpaka Sumbawanga, mwendo wa saa tatu. Mjini palikuwa na karakana moja ya kuchajia betri za watu wote, mwenye lori na mwenye redio. Mashine ilichukua sita kwa mara moja. Zilizobaki zilipangwa sakafuni, kila moja na namba ya chaki. Hakuna aliyelinda foleni ile. Ukishaweka betri yako ni sawa na umesimama mwenyewe, unakwenda zako. Eustaki alipata namba tisa.

Siku ya pili alikwenda, akaikuta ndiyo kwanza imeunganishwa. Siku ya tatu akakuta imeshushwa sakafuni, baridi, na mahali pake pana betri mpya inayong'aa.

"Ndugu Modesti, hii ya nani?" akamwuliza fundi.

Modesti alikuwa mtu mzuri. Alitazama chini. "Ya kipaza sauti, mzee wangu. Kesho kuna mkutano. Gari la ofisi limeileta, wakasema itangulie. Mimi nifanyeje?"

"Mkutano wa nini?"

"Wa kuhimiza watu walime."

Eustaki alinisimulia hayo jikoni, mikono mitupu, ameketi kama mtu aliyetoka kuzika. Mimi ndiye niliyetukana, na sitaki kuandika hapa nilisema nini.

Kesho yake mgeni akaja. Ile betri inayong'aa ikawekwa mezani, kitambaa cheupe kimetandikwa chini yake, nyaya za kipaza sauti zikaunganishwa. Mgeni akaanza kunguruma. Wafipa wavivu. Serikali imewapa trekta, mmeligeuza pambo la ofisi. Mvua inanyesha, nyinyi mmekaa! Ng'ambo ya uwanja trekta limelala, na sisi tuliofukuzwa kwenye matuta yetu tunapigiwa kelele kwa moto ulionyimwa betri yetu.

Eustaki akainuka na spana. Watu walidhani anakwenda kurekebisha kitu. Akalegeza waya wa kwanza, akalegeza wa pili. Sauti ikakatika katikati ya neno. Akaibeba betri mpaka kwenye trekta, akaiunga, akawasha. Likaunguruma! Trekta la dizeli likishawaka halihitaji betri tena. Akaifungua, akairudisha mezani, akaunga nyaya vizuri kabisa.

"Nimemaliza, ndugu mgeni. Endelea na hotuba."

Akaondoka na trekta. Uwanja mzima tukamfuata na majembe. Mgeni akabaki anaihutubia kamati.

Mashamba manne yalilimwa siku ile. Alikuwa anaingia kwenye letu, mistari miwili tu, mgambo walipofika. Aliwasihi wamfunge baadaye, amalize kwanza. Mmoja akapanda, akalizima. Pale pale, kwenye tambarare.

Alikaa mahabusu siku tisa. Siku ya nne Modesti alitembea saa tatu na betri yetu begani, imejaa moto, namba ya chaki bado inaonekana. Akaiweka mlangoni kwangu akaomba radhi. Lakini dereva hakuwapo. Nililima kwa jembe mpaka viganja vikachunika, na mahindi yangu hayakufika kiunoni.

Eustaki alipotoka hakuingia ndani kwanza. Aliichukua betri mlangoni, akaifunga kwenye trekta kule shambani, akaliwasha, akalipandisha mteremkoni na kuliegesha likitazama chini. Mwenyekiti akamfuata mbio, amelowa mvua.

"Mahali pake ni mbele ya ofisi, ndugu! Wageni wataliona wapi?"

Eustaki akafuta mikono kwenye lile shati la matundu. "Mgeni akija," akasema, "mleteni shambani."